Kisanduku cha Mnong'onezaji

Watu wa Szeged hulipa ili wamwone Etelka.
Mimi hawanioni. Nimo chini ya sakafu ya jukwaa,
kwenye kisanduku chenye kifuniko cha umbo la kombe,
na taa ya mafuta, na kitabu kilichokunjika pembe,
miguu ndani ya gunia, maana baridi ya mto Tisza
hupenya hata matofali.

Mwigizaji akipotelewa na neno, humpa
kama mtu ampavyo mwenzake sindano:
upande butu kwanza.

Msimu huu tunacheza hadithi ya kale,
ya msaga unga na mgeni mwenye glavu za kijivu.
Bibi zetu waliijua kabla haijawa mchezo.
Mgeni haibi chochote. Hagusi hata gunia.
Husimama tu karibu na mizani, na kusema:

    Dole gumba si uzito, sahanini likitua;
    Wanao wakosa joto, baridi yawasumbua;
    Haki ni pambo na kito, matajiri hununua;
    Ni mimi nawe na mto: nani mwingine ajua?

Ni fundi. Anayetaka upotoshe mizani
huja na mizani yake kamili.
Mke wa msaga unga, yeye, hana vina.
Ana neno moja, ukurasa wa arobaini na moja:
“Rudisha.”

Na wote wawili hupitia kinywani mwangu.
Miaka kumi na tisa ilipita kabla sijalitambua hilo.
Ödön akisahau, mimi ndiye ibilisi.
Etelka akisahau, mimi ndiye dhamiri.
Sauti ni ileile, na kikohozi kilekile.

Sasa, habari ya koti.
Novemba, mlangoni, Etelka alilitazama koti langu
nililoligeuza ndani nje ili lionekane jipya,
akawaambia wenzake: “Borbála kavaa pazia letu la zamani.”
Walicheka. Nami nikacheka, na hilo ndilo lililoniuma.
(Na ile nafasi ya mke wa msaga unga, kabla sijapata hiki kifua...
hayo tuyaache.)

Alhamisi ya theluji. Ukumbi umejaa hadi ngazini.
Ödön kaweka dole gumba kwenye sahani.
Etelka anageuka, anafungua mdomo, hamna kitu.
Macho yake yanashuka kwangu,
macho ya mtoto aliyeachwa sokoni.
Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa ulimini, lina joto.

    Kunyamaza si kuua, ni neno kulikawiza;
    Nani atakayejua, kisandukuni ni giza;
    Alikucheka, wajua, zamu yako kumliza;
    Moja, mbili, kwa hatua,

Nilifika tatu. Nilifika saba.
Nalisema kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniuliza.

Ndipo Etelka, asiye na neno, akavuka jukwaa,
akamshika mumewe kidole, akakiinua
polepole, kama mtu amtoaye mwiba mtoto aliyelala.
Sahani ikapanda.
Mstari wa tatu, mfanyabiashara mmoja wa pilipili
alijifunika uso kwa kofia.

Gazeti liliandika kwamba kimya kile kilikuwa ushindi.
Etelka akaniletea mbegu za maboga, bado za moto,
kwenye karatasi aliyoikunja mwenyewe.
“Uliniamini,” akasema. “Mwingine angenipa neno.”
Nilizila. Zilikuwa na chumvi nzuri.

Mkurugenzi naye akachukua kitabu changu,
akalikata lile neno kwa kalamu nyekundu,
akaandika pembeni: Kimya. Hesabu saba.

Basi kila usiku natenda kosa langu kwa amri,
na watu wanalia, na nasikia yule wa pilipili
amebadilisha mawe yake ya kupimia.
Nikifika saba, makofi yakiwa bado hayajaanza,
nainama kwenye taa na kulinong'ona neno lililokatwa,
chini kabisa, hata Etelka hasikii.

Rudisha.

Halafu nageuza ukurasa.